Picha haigawanywi kwa waya wa Y: bodi ndogo ya kulisha runinga tatu

Siku moja kabla ya mechi ya Simba na Yanga niliitwa kwenye mgahawa mmoja Kiboriloni, hapa Moshi. King'amuzi ni kimoja, runinga ni tatu: chogo la inchi 21 juu ya friji ya soda, bapa moja ukutani, na chogo jingine nje kwenye banda la nyama choma. Aliyenitangulia alikuwa ametumia vile viunganishi vya Y, tundu moja la njano linazaa mawili, kisha mawili yanazaa matatu.

"Fundi," akaniambia mama mwenye mgahawa, "nikichomeka moja, picha inang'aa. Nikichomeka ya pili, inafifia. Nikichomeka ya tatu, zote zinakuwa kama zina malaria."

"Pole mama. Ni huo mgawanyo wa waya."

"Mbona sauti inagawanyika vizuri tu?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko maswali mengi niliyowahi kuulizwa na mafundi, na jibu lake ndilo mwongozo huu wote. Tutajenga bodi ndogo yenye chipu moja ya pini 8, ile inayounganisha kichujio cha picha na kisukuma waya ndani ya gamba moja. Ukishaielewa utaweza kuitumia pia kwenye kamera ya kurudi nyuma ya gari la watalii lenye skrini mbili, au kwenye kifaa chochote chenye tundu la njano. Unahitaji mita ya kawaida, chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba, na subira. Oskiloskopu ukiwa nayo heri, ila sitakudai.

Hatua ya 1: Elewa kwanza omu 75

Usiruke hapa. Mafundi wengi hukariri mchoro, halafu picha ikiharibika hawajui waanzie wapi.

Signali ya picha kwenye tundu la njano ina kimo cha volti 1. Milivolti 300 za chini ni sinki, yaani alama inayoiambia runinga kwamba mstari mpya unaanza. Milivolti 700 za juu ni picha yenyewe, kutoka nyeusi hadi nyeupe. Lakini hiyo volti 1 ina masharti. Ndani ya king'amuzi signali ni ya volti 2, nayo inatoka kupitia rezista ya omu 75. Ndani ya runinga kuna rezista nyingine ya omu 75 inayoshuka graundi. Rezista mbili sawa hugawana nusu kwa nusu, kwa hiyo runinga inaonja volti 1.

Sasa chomeka runinga ya pili kwa Y. Omu 75 mbili sambamba ni omu 37.5. Volti 2 mara 37.5 gawa kwa 112.5, unabaki na volti 0.67. Chomeka ya tatu: mzigo ni omu 25, na signali ni volti 0.5 kamili. Nyeupe iliyokuwa milivolti 700 sasa ni 350, na sinki iliyokuwa 300 sasa ni 150. Runinga yenye moyo itajaribu kuongeza nguvu yenyewe, ile dhaifu itaanza kutetemesha picha. Hata ukiizima, rezista yake bado imo kwenye waya inakula. Ndiyo maana mama alisema "nikichomeka", hakusema "nikiwasha".

Sauti ni habari nyingine. Tundu la sauti la runinga lina ukinzani wa kiloomu 10 na kuendelea, halivuti kitu cha maana, hivyo ukigawa mara tatu hakuna anayelalamika. Waya wa Y kwenye nyekundu na nyeupe ni halali kabisa. Mwache mtu wako atumie.

Utauliza, kwa nini basi runinga isiwekewe kiloomu 10 kwenye picha pia? Kwa sababu picha ina masafa makubwa na waya ni mrefu. Signali ikifika mwisho wa waya na kukuta hakuna mzigo unaolingana nao, sehemu yake inarudi ilikotoka, inagonga, inakuja tena. Chukua waya wa mita 15. Mawimbi husafiri humo karibu sentimita 20 kwa kila nanosekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni nanosekunde 150. Sehemu inayoonekana ya mstari mmoja wa picha inachorwa kwa mikrosekunde 52 hivi. Kwenye chogo la inchi 21, ambalo kioo chake kina upana wa sentimita 40 na ushei, nanosekunde 150 ni kama milimita moja. Hiyo ndiyo herufi yenye kivuli unayoiona kando ya matokeo ya mpira, kama vile imechapwa mara mbili.

Kwa hiyo kila runinga inataka chanzo chake, chenye omu 75 zake. Hatugawi picha, tunainakili.

Hatua ya 2: Jua chipu inafanya nini

Ndani ya gamba moja kuna vitu vitatu kwa kila chaneli, yaani kwa kila moja ya njia zake tatu za picha. Mlangoni kuna ukinzani mkubwa, kwa hiyo milango mitatu ikilishwa na chanzo kimoja haikigandamizi. Katikati kuna kichujio kinachopitisha masafa ya chini hadi megahezi 8 hivi na kukata yaliyo juu. Mwisho kuna kikuza cha mara 2 chenye misuli ya kusukuma waya. Kwa nini mara 2? Rudi hatua ya 1: utaweka rezista ya omu 75 kwenye njia ya kutokea, runinga ina yake, nusu inapotea. Ukikuza mara 2 ukapoteza nusu, unabaki na ulichoanza nacho.

Kichujio nacho kina historia yake. Picha ya kidijitali ya ubora wa kawaida hupimwa kwa megahezi 13.5, na vigeuzi vingi vya kuirudisha kuwa mawimbi huendeshwa kwa megahezi 27. Kila kigeuzi cha aina hiyo huacha nakala za uchafu kandokando ya masafa yake ya kazi. Rangi ya PAL, mfumo wetu wa picha za runinga, inakaa megahezi 4.43, na picha nzima inaishia kama megahezi 5 au 5.5. Kichujio cha megahezi 8 kinaipa picha nafasi ya kupumua na bado kinaukata uchafu wa 27. Kichujio cha oda ya nne hushusha desibeli 24 kila masafa yanapoongezeka maradufu. Kutoka 8 hadi 27 si mbali na maradufu mara mbili, kwa hiyo unapata kama desibeli 40, maana yake uchafu umebaki sehemu moja ya mia. Zamani kazi hiyo ilifanywa na koili na kapasita kibao zilizopangwa mstari, na kila moja ilikuwa na tabia yake.

Kwa kazi yetu, niseme ukweli, king'amuzi kimeshachuja ndani yake. Kichujio cha pili ni nyongeza, kazi yake kubwa ni kuzuia takataka za chaja na redio zinazodandia waya. Ila ukijenga kitu kinachochukua picha moja kwa moja kwenye kigeuzi, bila kichujio hutoki.

Onyo kwa wenzangu wa kamera za ulinzi: kamera za AHD, yaani za analogi zenye ubora wa juu, hupita kwenye waya uleule lakini masafa yake yanapita mbali megahezi 8. Ukiziweka kwenye chipu hii utapata giza au picha isiyo na rangi. Siyo chipu mbovu, ni kichujio kinafanya kazi yake.

Hatua ya 3: Pima king'amuzi kabla ya kuchagua chipu

Hapa ndipo nilipoharibu bodi yangu ya kwanza, miaka kadhaa iliyopita. Nilikuwa na THS7314, chipu nzuri sana ya chaneli tatu yenye kichujio cha megahezi 8.5. Nikaunganisha, nikajaribu kwenye sinema ya usiku, picha safi. Nikampelekea mwenye nyumba. Jioni akanipigia: "Kaka, njoo uone maajabu." Tangazo la sabuni lilikuwa linaendelea, mashuka meupe yamejaa skrini, na picha inachanika kama kitambaa. Tangazo likiisha, picha inatulia. Linarudi, inachanika tena.

Chipu haikuwa na kosa. Imetengenezwa kupokea signali iliyokaa juu ya graundi, yaani sinki ipo karibu na volti 0 na picha ipo juu yake, kama inavyotoka kwenye kigeuzi. King'amuzi cha yule kaka kilikuwa na kapasita kubwa njiani, na kapasita haipitishi volti ya kusimama. Signali ikitoka pale, wastani wake ndio unakaa kwenye 0. Picha ikiwa nyeusi, wastani upo karibu na sinki, kwa hiyo sinki inashuka chini ya 0 kama milivolti 280 tu, na kipande chake kinaponea. Picha ikiwa nyeupe, wastani unapanda na sinki inazama zaidi ya milivolti 800 chini ya graundi, mahali ambapo chipu haioni. Runinga ikikosa sinki haijui mstari uanzie wapi.

Kwa hiyo pima. Washa king'amuzi, chomeka rezista ya omu 75 kati ya pini ya kati ya tundu la njano na ganda lake, weka mita kwenye volti za DC kipimo kidogo. Angalia chaneli yoyote inayobadilika badilika.

Mita ikikaa kwenye 0 au karibu sana bila kujali picha, kuna kapasita ndani. Ikionyesha mamia ya milivolti upande wa chanya, na ikipanda picha inapong'aa na kushuka picha inapokuwa giza, hakuna kapasita. Nukta hiyo moja inakuamulia mchoro. Chipu kama THS7314 inataka hali ya pili. Chipu zenye klampu, kama FMS6143, zinapokea zote mbili: unaweka kapasita ndogo mlangoni, na kila sinki inapopita, yaani kila baada ya mikrosekunde 64, chipu inaishika ile sinki na kuirudisha mahali pake. Wastani ufanye unavyotaka, sinki haizami.

Mimi siku hizi kwa kazi ya mgahawa natumia yenye klampu tu. Mteja atabadilisha king'amuzi mwakani na hatanipigia kuniuliza kama kipya kina kapasita.

Chipu zenyewe utaagiza mtandaoni au utamtuma mtu Kariakoo. Njia nyingine ni ving'amuzi vilivyokufa. Baadhi ya vile vya zamani vina chipu ya pini 8 nyuma kabisa ya matundu ya AV, pini zake tatu zikielekea kwenye rezista za omu 75. Ing'oe kwa hewa moto, soma namba yake kwa lenzi, kisha tafuta karatasi yake ya maelezo kabla hujaiamini.

Hatua ya 4: Mchoro, pini kwa pini

FMS6143 ina mpangilio rahisi: pini 1, 2 na 3 ni milango ya kuingilia, 4 ni volti 5, 5 ni graundi, 6 ni kutokea kwa chaneli 3, 7 kwa chaneli 2, na 8 kwa chaneli 1. Zinatazamana kama majirani wa mtaa mmoja. THS7314 imepangwa vilevile.

Anza tundu la kuingilia. Ganda lake liende graundi. Kutoka pini ya kati, weka rezista ya omu 75 kwenda graundi. Ni moja tu, si tatu. Hii ndiyo "runinga" ambayo king'amuzi kitaiona. Kuanzia hapohapo, toa njia tatu, kila moja ipitie kapasita yake ya seramiki ya mikrofaradi 0.1 hadi pini 1, 2 na 3. Kuna wanaotumia kapasita moja kwa milango yote mitatu. Itafanya kazi mara nyingi, lakini klampu tatu zikishika kapasita moja kila moja ina maoni yake kidogo, na kapasita mbili za ziada hazifiki bei ya chapati. Weka tatu.

Upande wa kutokea: kutoka pini 8, 7 na 6, kila moja iwe na rezista ya omu 75 mfululizo, kisha tundu la njano. Tumia rezista za asilimia 1, zile za bluu zenye mistari mitano. Omu 75 ni zambarau, kijani, nyeusi, dhahabu, kahawia. Ukikosa, funga mbili za omu 150 sambamba. Usitumie omu 68 kwa kuwa "zinakaribiana". Zinakaribiana kweli, lakini utakaporudi mwakani kutafuta kwa nini runinga moja ina mwanga tofauti, utajilaumu.

Je, kapasita kubwa ya kutokea, ile ya mikrofaradi 220 unayoiona kwenye michoro mingi? Inazuia volti ya kusimama isiende kwenye runinga. Gharama yake ipo: mikrofaradi 220 na omu 150 za njia nzima huanza kukata kwenye hezi 4.8, na picha yetu inachorwa mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo sehemu ya juu ya skrini inaweza kuwa na mwanga tofauti kidogo na ya chini. Tena ni elektrolaiti, kwenye banda la nyama choma itakauka. Runinga nyingi zina kapasita yao ndani, basi mimi naunganisha moja kwa moja. Ukikutana na runinga inayokataa, iwekee hiyo moja tu, chanya ikiangalia chipu.

Kwenye kila tundu la kutokea, baada ya rezista, weka dayodi mbili ndogo za 1N4148: moja kutoka graundi kupanda kwenye waya, nyingine kutoka kwenye waya kupanda volti 5. Cheche ikija kwenye waya inapata njia ya kukimbilia, na omu 75 zinalinda pini. Upande wa kuingilia ni tofauti, angalia usikosee: dayodi zikae baada ya kapasita, upande wa chipu. Ukiziweka kabla ya kapasita na king'amuzi kina kapasita yake, sinki inayozama milivolti 800 itawasha dayodi ya graundi, na utakuwa umeleta tena ugonjwa wa mashuka meupe kwa mkono wako.

Hatua ya 5: Umeme

Chipu inataka volti 5, si 12. Pamoja na mizigo mitatu haifiki miliampea 100. Chanzo ninachokipenda ni tundu la USB la king'amuzi chenyewe. Kikiwashwa bodi inawaka, kikizimwa inazima, na graundi ni ileile. Chaja ya simu pia inafaa, ila zile za bei ya soda hutapika kelele, na utaziona kama mistari myembamba ya mshazari. Ukilazimika kuitumia, weka koili ndogo ya mikrohenri 10 kwenye njia ya volti 5 na kapasita ya mikrofaradi 100 baada yake. Usiweke rezista badala ya koili. Omu 10 tu kwa miliampea 70 zinakula volti 0.7, na chipu itabaki na njaa.

Hatua ya 6: Kuijenga

Chipu ni ya kulehemu juu ya bodi, miguu yake imeachana milimita 1.27. Nunua ubao mdogo wa kugeuza miguu, au chora bodi yako mwenyewe. Bodi ya kuchomeka bila kulehemu isahau, chipu ya aina hii inaweza kuanza kupiga kelele yenyewe humo.

Mambo yenye uzito ni matatu, mengine ni urembo. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 iwe kati ya pini 4 na 5, karibu kiasi kwamba ukucha hauingii katikati, na ya mikrofaradi 10 jirani yake. Rezista za omu 75 za kutokea zikae kwenye miguu ya chipu, si kwenye matundu, maana chipu ikikutana na waya mrefu kabla ya rezista inaona kapasita na inaweza kuyumba. Na graundi iwe pana, shaba yote iliyobaki iwe graundi.

Watu hunisumbua na upana wa njia za shaba wakitaka omu 75 hadi kwenye bodi. Kwa megahezi 8, wimbi moja ni karibu mita 20 kwenye bodi. Njia yako ni sentimita 5. Endelea na kazi.

Hatua ya 7: Kujaribu mezani

Kabla ya umeme, pima kwa omu: tundu la kuingilia lisome 75, na kati ya volti 5 na graundi pasiwe na shoti. Washa bila king'amuzi. Pini 4 isome 5. Pini 6, 7 na 8 zisome sehemu ndogo ya volti, karibu na graundi. Moja ikining'inia karibu na volti 5, kagua kwanza ulehemu wa chaneli hiyo. Gusa chipu, iwe vuguvugu kwa mbali, isiunguze.

Sasa chukua runinga moja tu. Ichomeke kwenye king'amuzi moja kwa moja, fungua ukurasa wa menyu wenye maandishi meupe, uitazame vizuri. Kisha pitisha kwenye bodi, chaneli 1, halafu 2, halafu 3. Mwanga uwe uleule. Picha ikiwa nyeupe kupita kiasi, hakuna omu 75 upande wa runinga au umesahau ya kutokea. Ikififia kwa theluthi, umeweka omu 75 nyingine mahali. Rangi ikiwa hafifu na weusi na weupe uko sawa, kuna kitu kinakula megahezi 4.43, mara nyingi ni kapasita uliyoiweka ya thamani isiyo yake. Mita ya kawaida haiwezi kukuonyesha masafa hayo, jicho lako ndilo oskiloskopu.

Jaribio la mwisho ni mashuka meupe. Tafuta chaneli yenye skrini nyeupe, au tangazo. Ikisimama imara, chomeka zote tatu.

Hatua ya 8: Waya na kufunga

Waya uwe wa omu 75 kweli. RG59 ya kamera yenye shaba tupu ndiyo ninayoitumia. RG58 inafanana nayo kwa macho lakini ni ya omu 50, iache kwa watu wa redio. Waya wa dishi ni omu 75 sawa, ila mingi katikati yake ni chuma kilichopakwa shaba. Kwenye masafa ya dishi umeme hupita juujuu kwenye ile shaba, lakini picha yetu ina masafa ya chini sana pia, nayo yanapita ndani kwenye chuma. Ikwangue kwa kisu: ikiwa kijivu ndani na sumaku inaishika, itumie kwa mita chache tu.

Chomeka AV zote kabla ya kuchomeka umeme. Nasema hivi kwa uchungu. Pini ya kati ya tundu la njano hugusa kabla ya ganda. Vifaa vya plagi ya pini mbili huvujisha umeme kidogo kupitia kapasita za ndani za pawa saplai, ule unaokutekenya vidole ukigusa ganda la chuma. Kwa sekunde ile ya kuchomeka, umeme huo wote unapita kwenye chipu yako. Nyumba nyingi zetu hazina waya wa ardhi kwenye soketi, basi hapa hakuna utani. Mvua za masika zikianza, na radi zinapozunguka mlimani, mwambie mwenye mgahawa achomoe waya unaotoka nje ya jengo. Dayodi zangu hazipigani na radi.

Ukiona mkanda wa giza unaopanda polepole kwenye runinga moja, hiyo ni graundi mbili zinazovutana kwa hezi 50. Lisha runinga zote na king'amuzi kutoka kwenye ekstensheni moja kwanza, mara nyingi unaishia hapo.

Ving'amuzi vya tundu dogo la mviringo badala ya matundu matatu vina mtego: graundi na picha hubadilishana nafasi kwenye plagi kati ya kampuni na kampuni. Kwa mita tafuta pete iliyoungana na ganda la king'amuzi, hiyo ndiyo graundi, kisha endelea.

Kule Kiboriloni tulimaliza saa mbili usiku. Mechi ilipoanza kesho yake mama alinipigia, si kulalamika. Alitaka runinga ya nne, ya jikoni, kwa wapishi. Hilo halihitaji chipu nyingine. FMS6143 inaweza kusukuma mizigo miwili kwa kila chaneli, kwa hiyo kutoka pini 7 unaongeza rezista ya pili ya omu 75 pembeni ya ile ya kwanza, kila moja na tundu lake. Usiziunganishe baada ya rezista, hapo utakuwa umerudi kwenye Y. Chipu itapata joto zaidi, kwa hiyo niliacha tundu la hewa kwenye boksi, na bapa la ukutani nikaliachia pini 8 peke yake.